Kumbukumbu ya raha ya pombe ni nini, na kwa nini harufu tu inamrudisha mtu kilabuni

Mtu ameacha pombe miezi sita, yuko vizuri kabisa, siku moja anapita karibu na kilabu, harufu inamfikia, hapohapo koo linakauka na miguu inataka kukata kona. Mjomba wangu yuko hivyo, na miaka yote nyumbani tulikuwa tunamwambia hana msimamo. Kumbe tulikuwa tunamwonea. Kinachomvuta kinaitwa kumbukumbu ya raha, yani ubongo umeshika kwamba ile harufu, ile sehemu, ule mlio wa chupa ikifunguliwa, vyote vinaleta raha, na umeshika kwa nguvu kuliko unavyoshika maumivu ya asubuhi yake.

Hii kitu imechunguzwa sana kwa nzi, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zikiiva kupita kiasi, wanasayansi wanawaita Drosofila. Pombe kwao si kitu kigeni maana chakula chao ni matunda yaliyochacha, afu ubongo wao una seli za neva kama 140,000 tu wakati wa kwetu una kama bilioni 86, kwahiyo unaweza kuzima kikundi kimoja cha seli ukaona nini kimeharibika.

Mwaka 2011 watafiti Karla Kaun, Ulrike Heberlein na wenzao walitoa jaribio ambalo mimi naliona la ajabu sana. Nzi wanapuliziwa harufu moja peke yake, kisha harufu nyingine pamoja na mvuke wa pombe, dakika 10, wanapumzishwa karibu saa nzima, wanarudiwa tena mpaka mara tatu. Baadaye wanawekwa kwenye njia panda, huku harufu hii na huku ile. Muda mfupi baada ya kulewa wanaikimbia ile harufu iliyokuja na pombe, kama mtu mwenye hangova anayeapa hagusi tena. Ila kesho yake wamegeuka, wanaifuata ile ile, na watafiti walipoweka shoti ya umeme njiani nzi walikubali kupigwa shoti ili wafike! Na huko wanakokwenda pombe yenyewe haipo, ni harufu tu.

Ndani ya kichwa cha nzi kuna sehemu yenye umbo la uyoga, hapo ndipo harufu inaunganishwa na uzuri au ubaya wake. Walikuta kwamba seli za kuandika kumbukumbu hiyo, za kuitunza na za kuikumbuka si zilezile, ni makundi tofauti yanayopokezana kazi, na dopamini, ile kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo ambayo hata sisi tunayo, ikizuiwa nzi hawaifuati tena ile harufu.

Halafu 2018 maabara ya Kaun, chuo kikuu cha Brown kule Marekani, ikaonyesha pombe inaamsha Notch ndani ya seli hizo za kumbukumbu. Notch ni njia ya mawasiliano ya seli ambayo hata binadamu anayo, inajulikana zaidi kwa kusaidia mtoto kujengeka tumboni, inaamua jeni ipi iwake na ipi izime. Ikishaguswa na pombe, hata kipokezi kimoja cha dopamini kinatengenezwa tofauti kidogo, tofauti ya asidi amino moja tu, yani kitofali kimoja cha kujengea protini. Kaun alisema kama kwa binadamu mambo ni hivyohivyo, glasi moja ya waini inaiamsha njia hiyo lakini inatulia ndani ya saa moja, ila glasi tatu zilizopishana saa moja moja, hata baada ya saa 24 bado haijarudi kawaida. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa, hao walikuwa nzi, lakini mimi lilinikaa.

Siku hizi nikienda sokoni na mjomba tunazunguka njia ya nyuma, ile ndefu, na simuulizi kwa nini.