Nairobi hadi New York: kilomita zilezile, saa tofauti

Ukitafuta mtandaoni umbali wa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi JFK, New York, utajibiwa kilomita 11,840 hivi. Jibu ni sahihi. Kasheshe huanza mtu anapoigawa namba hiyo kwa kasi ya ndege, kisha akauliza mbona ratiba imemwongezea karibu saa mbili. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, yaani njia, mafuta na uzito, kwa hiyo swali hili hunifikia mara kwa mara.

Boeing 787 ikishatulia juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Piga hesabu: saa 13 na dakika chache. Lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, ilitangaza takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Ile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijasimama. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo tunachoruka, upepo kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, na majira ya baridi huwa mkali zaidi. Ukikujia usoni kwa kilomita 100 kwa saa, ardhini unasogea 800 tu. Wakati wa kurudi, upepo huohuo unakusukuma mgongoni.

Halafu ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Foleni ya JFK imo humo. Njia nayo hainyooki siku zote: anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023 kwa sababu ya vita, njia nyingi za eneo lile zilibidi zipinde.

Tena, wengi hudhani safari hii ni bahari tupu. Vuta uzi juu ya tufe la dunia uone. Kutoka Nairobi unaelekea kaskazini-magharibi, unapita Sudan Kusini, Chad na Sahara ya Algeria, na katikati kabisa ya njia uko Morocco, jirani na Marrakesh. Nusu nzima ni Afrika! (Bara letu ni kubwa kuliko ramani za ukutani zinavyolionyesha.) Baada ya hapo ndipo bahari, na uzi unapita visiwa vya Azores, vyenye uwanja wa Lajes. Kwa ndege ya injini mbili, uwanja wa dharura katikati ya maji ni jambo la kushukuru.

Lakini kwangu mimi, kinachoumiza kichwa zaidi ni Nairobi yenyewe. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Mabawa hubeba kidogo, injini nazo hupungukiwa nguvu, na jua la mchana huzidisha tatizo. Safari ndefu hudai mafuta mengi, na kila tani ya mafuta inagombea nafasi na abiria na mizigo. Ndiyo maana kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunatufaa sana. JFK iko mita 4 tu juu ya bahari. Huko ndege huondoka nzito hata saa sita mchana.