"Umefika wapi?" Vituo vya kusomea kwa watoto wa dago na kambi za karafuu

Mtoto wa Kojani, Pemba, akifuatana na wazee wake dago, yaani kambi ya wavuvi wanaohama, wakashukia kijiji kigeni, haichukui siku nyingi hupelekwa chuoni kusoma Kurani. Mwalimu hamwombi barua. Humuuliza, "Umefika wapi?" Mtoto akisema yumo Suratul-Fajr, husomeshwa aya mbili tatu, akasikilizwa, kisha akaendelea palepale alipoachia kwao.

Mtoto huyohuyo kwenye skuli ya kijiji hicho hana pa kukaa. Hana barua ya uhamisho, muhula umefika katikati, na mzee wake anasema wataondoka maji yakibadilika. Basi hushinda pwani, anateka maji na kuanika dagaa. Akirudi kwao baada ya miezi mitatu, wenzake wameshamwacha. Wapo wanaoona haya kukaa tena darasani, na hao ndio tunaowapoteza moja kwa moja.

Katika kazi yangu ya elimu mbadala, swali la mwalimu wa chuo ndilo jibu langu kila ninapoulizwa kituo cha kusomea cha jamii ni kitu gani. Ni pahala anapofika mtoto yeyote, siku yoyote, akaulizwa amefika wapi, akaanzia hapo. Hakishindani na skuli. Kinamshika mkono mtoto asiyeweza kuifikia skuli yake kwa wakati huo.

Kwetu wanaokihitaji ni wengi. Wapo wa dago, wanaohama na pepo za kusi na kaskazi hadi Tanga na pwani ya Kenya. Wapo ambao familia nzima huhamia kambi za karafuu mavuno yakipamba moto, mchana kuchuma na usiku kuzichambua karafuu na makonyo, vijiti vyake. Paje na Jambiani, pwani ya Unguja, zipo familia za wageni wanaokaa miezi kadhaa na kuwasomesha watoto wao nyumbani. Nao wanakaribishwa, mtoto anayesoma peke yake na mama yake anahitaji wenzake wa kusoma nao na kucheza nao.

Jengo lisimtishe mtu. Miaka ya 2000, kwa vipindi vya redio vya "Tucheze Tujifunze", watoto wa Zanzibar ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi walikusanyika katika vituo vya TuTu, redio mbele yao na mlezi kutoka jamii yao pembeni. Banda la makuti linatosha, ubao, vitabu vya skuli, na walezi wawili wanaofahamika kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Nasema wawili kwa makusudi: mtu mzima asibaki peke yake na watoto wa watu.

Kazi kubwa iko kwenye kumpima mtoto. Utafiti wa Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009, ulitumia ngazi rahisi za kusoma: silabi, neno, aya, hadithi. Dakika tano zinatosha kujua mtoto yuko ngazi gani. Katika banda moja la dago nilimpima binti wa miaka kumi na moja, wa darasa la tano. Nilimpa neno "mashua". Alilitazama muda, akaweka kidole: "ma... shu..." Akanyamaza, na boti ya baba yake imefungwa hatua ishirini kutoka tulipokaa. Kisha nikamuuliza hesabu: samaki korija tatu na saba juu ni wangapi? "Sitini na saba," hata sikumaliza kuuliza.

Binti yule tungemweka wapi? Kwa umri wake, tungemkalisha na wakubwa akaona haya kwenye kusoma. Kwa kusoma kwake, tungemkalisha na wadogo akachoka kwenye hesabu. Tulimweka kote kuwili: kusoma na wa silabi, hesabu na wakubwa, tena akiwasaidia waliokuwa nyuma yake. Chuoni ndivyo ilivyo tangu zamani, kila mtoto na sura yake, na aliyetangulia humsikiliza anayefuata.

Ratiba nayo ifuate maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi, na mama na watoto wako kwenye mwani na miamba. Kuita darasa saa hizo ni kujisumbua. Watoto waje baada ya Alasiri. Maji mafu, yasipopwa sana, asubuhi ni yenu. Mimi naridhika na saa mbili za uhakika kila siku.

Kwa wazee nina ombi moja, na nalisema kwa uzito. Msimwondoe mtoto kimyakimya. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na haki hiyo haipotei mtoto anapopanda boti. Kabla ya safari nendeni kwa mwalimu mkuu, mwambieni mnakwenda wapi na mnatarajia kurudi lini, jina lisije likafutwa, maana hata mtihani wa taifa mtoto huandikishiwa kwenye skuli yake. Chukueni vitabu. Nunueni daftari moja la safari, mwalimu wa darasa aandike ukurasa wa kwanza mtoto alipofikia katika kila somo. Mlezi wa kituo ataendeleza humo: tarehe, kilichosomwa, kilichomshinda, sahihi yake. Kwa daftari hilo mwalimu wa kwao hatakuwa na haja ya kukisia.

Yule binti aliondoka dagoni baada ya wiki tisa. Alfajiri wakipakia nyavu, mlezi alimwandikia ukurasa wa mwisho, na mama yake akalifunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni lisirowe. Paliandikwa: "Anasoma aya bila kusaidiwa. Hadithi bado. Kugawanya anaweza, sehemu hajaanza. Aendelee hapo."