Je, wajua kwa nini filamu mbovu kupindukia hupata mashabiki wa kufa na kupona?

Mwezi Juni 2003 filamu iitwayo The Room ilianza kuonyeshwa Los Angeles. Tommy Wiseau alikuwa ameiandika, ameiongoza, ameigharamia na kujipa nafasi ya steringi. Kwa kauli yake mwenyewe, ilimla dola milioni 6. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeingiza dola 1,800 hivi, ikaondolewa. Kibiashara, picha hiyo ilikufa palepale. Lakini vijana wachache walioiwahi katika siku zake za mwisho waliwaita rafiki zao, nao wakawaita wengine, hadi kumbi za Marekani na Uingereza zikawa zinajaa usiku wa manane watu wenye vijiko vya plastiki mifukoni. Sebuleni kwa wahusika kuna picha ya kijiko ndani ya fremu. Kila inapotokea, ukumbi mzima hurusha vijiko kuelekea kwenye skrini.

Makosa yake hayana idadi. Mama wa mhusika mmoja anatamka kwamba ana saratani ya matiti kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, na habari hiyo haiguswi tena mpaka mwisho. Wanaume waliovaa suti za harusi wanarushiana mpira bila sababu. Paa la nyumba lilijengwa studio, na mandhari ya San Francisco yakabandikwa nyuma yake kwa kompyuta. Wiseau aliweka kamera mbili pamoja, moja ya mkanda wa milimita 35 na moja ya dijitali, akarekodi kwa zote mbili kwa wakati mmoja, gharama ambayo mtayarishaji mwingine angeikimbia.

Sasa, mtu mwenye maelfu ya filamu nzuri za kuchagua anatoaje kiingilio kwenda kutazama kitu ambacho yeye mwenyewe anakiita kibovu? Usidhani ni watu wasioijua sinema. Mwaka 2016 watafiti Keyvan Sarkhosh na Winfried Menninghaus wa Taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt walichapisha utafiti juu ya mashabiki wa filamu za namna hii. Walikuta kwamba wengi wao wana elimu kuliko wastani na hutazama pia sinema nzito za sanaa. Kizuri wanakijua. Huku wanatafuta kitu ambacho kizuri hakiwapi.

Kwanza tuondoe dhana moja: ubovu peke yake haumfurahishi mtu. Filamu nyingi mbovu zinachosha tu. Dakika ya kumi umeshashika simu. Zinazopendwa ni zile ambazo aliyezitengeneza alitaka kufika mbali sana, akajitoa mzimamzima, kisha fedha, vifaa au kipaji vikamwishia njiani. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliligusa jambo hili katika insha yake ya mwaka 1964, alipotenga kazi inayochekesha kwa makusudi na ile iliyofanywa kwa dhati kabisa ikashindwa, akaona kwamba ya pili ndiyo yenye utamu zaidi. Nakubaliana naye. Ndiyo maana Sharknado ya mwaka 2013, ile ya kimbunga kinachozoa papa baharini na kuwamwaga juu ya Los Angeles, ilizungumzwa sana na ikazaa nyingine tano, lakini kwangu haina uhai. Waliofanya kazi ile walikuwa wanamkonyeza mtazamaji tangu mwanzo. Hakuna aliyehatarisha chochote pale.

Walinganishe na Ed Wood, mwongozaji wa Marekani wa miaka ya 1950. Huyu alikuwa na dakika chache tu za picha za mwigizaji Bela Lugosi, mzee aliyewahi kutamba kama Dracula, na Lugosi akafariki Agosti 1956. Mwingine angezitupa zile picha. Wood aliandika filamu nzima kuzizunguka, Plan 9 from Outer Space, habari ya viumbe wa angani wanaofufua maiti ili kuwatisha wanadamu waache kuunda silaha za kuangamiza ulimwengu. Sehemu zilizobaki za Lugosi alimpa mtaalamu wa kunyoosha viungo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood. Mtu huyo hakufanana na marehemu hata kidogo, basi akacheza filamu nzima akiwa ameuziba uso kwa joho. Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti. Makaburi ya makaratasi yanatikisika waigizaji wakipita, na katika tukio lilelile gari linaondoka mchana na polisi wanafika usiku.

Wood hakuuona umaarufu wake. Alifariki mwaka 1978 akiwa fukara, na miaka miwili baadaye kitabu kimoja cha mzaha kikamtangaza kuwa mwongozaji mbaya kuliko wote. Tangazo lile likawafanya watu waitafute filamu yake, na walioitafuta wakaipenda. Inaniuma kwamba mapenzi yale yalimkuta kaburini.

Kwa nini joho lile linafurahisha? Filamu iliyotengenezwa vizuri huficha mikono iliyoitengeneza. Huoni mkato wa mhariri wala taa, na hujiulizi kama ukuta ni wa mbao au wa zege. Filamu ya Wood haifichi chochote. Unaona kisahani cha kuigiza cha viumbe wa angani kinavyoning'inia kwenye uzi, unamwona mwigizaji akitafuta mstari wake, na kwa mara ya kwanza unatambua ni kazi ngapi hufanyika katika filamu ya kawaida ili wewe usizione. Mtazamaji anakuwa mpelelezi. Juu ya hilo kuna mshangao. Mtu aliyetazama filamu mia tano za kivita anajua dakika ya ishirini ni nani atasaliti na nani atapona. Mbele ya The Room elimu hiyo yote haimsaidii, kwa sababu hata mwandishi hakufuata kanuni ambazo mtazamaji amezizoea.

Zamani zilikuwepo pia filamu za daraja la pili kwa mpango maalumu. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, kumbi zilivuta wateja kwa kuonyesha filamu mbili kwa kiingilio kimoja: kubwa yenye mastaa, na ndogo ya bei rahisi. Pembeni yao walikuwepo wachuuzi wa mshtuko, waliouza picha za ngono, damu na dawa za kulevya kwa kisingizio cha kuionya jamii. Reefer Madness ya mwaka 1936 ilitengenezwa kuwaonya wazazi juu ya bangi. Mchuuzi mmoja akainunua, akaiongezea vionjo vya kuvutia wateja, akaizungusha nchini. Miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vikuu, wengi wao wavutaji, waliifufua wakaifanya kichekesho, na watu waliokuwa wakidai sheria za bangi zilegezwe wakachangisha fedha kwa kuionyesha. Hakuna picha iliyobadilishwa safari hiyo. Waliobadilika ni watazamaji.

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki ana cha kuwafundisha wale warusha vijiko. Yeyote aliyekulia karibu na kibanda umiza anaujua ukumbi unaozungumza. Mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja mbele, ubao nje wenye majina ya picha za leo yaliyoandikwa kwa chaki. Hakuna anayekaa kimya. Steringi anapigiwa kelele ageuke, adui yuko nyuma yake. Mtu aliyeiona jana anasimulia ya mbele na kuzomewa. Na juu ya yote kuna sauti ya mtafsiri: DJ Afro nchini Kenya, Lufufu Tanzania, VJ Jingo Uganda, na wengine wengi. Mtafsiri hafuati maneno ya mwigizaji tu. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza wanachofikiri, anawacheka, anatabiri kipigo kabla hakijatua. Picha ya karate ya hovyo kutoka Hong Kong inaweza kuwa tamu kuliko iliyoshinda tuzo, kwa sababu sauti ile imeifanya ya kwenu.

Kutoka katika utamaduni huo ilizaliwa filamu ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja. Isaac Nabwana alikulia Wakaliga, mtaa wa maskini jijini Kampala. Utotoni hakuingia ukumbi wa sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, kisha akarudi kumsimulia. Alizijua sinema kwa masimulizi kabla ya kuzijua kwa macho, na ninaamini hilo linaonekana katika kila kitu alichotengeneza baadaye. Akafyatua matofali, akajichangia fedha, akaunda kompyuta kwa vipuri vya zamani, na mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions nyumbani kwake. Walimwengu wakaiita Wakaliwood.

Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex? Bajeti inayotajwa haifiki dola 200. Silaha zilitengenezwa na Dauda Bisaso, fundi wa mtaani, kwa vyuma chakavu. Damu ilitiwa ndani ya kondomu zilizogawiwa bure na zahanati, zikapasuka vifuani mwa waigizaji. Mwanzoni ilikuwa damu ya mnyama, mpaka mmoja wao alipougua, ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Helikopta inayoshambulia Kampala ni ya kompyuta na haifichi kwamba ni ya kompyuta. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Waliuza DVD nyumba kwa nyumba, haraka kabla maharamia hawajaidurufu, na kupata sehemu ya mauzo.

Kisa chenyewe: Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge la Tiger Mafia, halafu anauawa kabla filamu haijafika popote. Kanuni ya kwanza ya kibanda umiza ni kwamba steringi hafi, na Nabwana aliivunja waziwazi. Ndugu wa Kapteni Alex, bingwa wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi, vita vinapamba moto, na swali la kwenye jina la filamu halijibiwi kamwe. Faili za awali zilishapotea. Kilichosalia ni nakala ya DVD, na ile iliyowekwa YouTube mwaka 2015 ina sauti ya VJ Emmie juu yake tangu mwanzo hadi mwisho, akitangaza, akitania, akiita "movie! movie!" pale risasi zinapoanza. Mtazamaji wa Kanada anayeitazama peke yake chumbani anapewa kibanda kizima ndani ya spika zake.

Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliona kipande cha tangazo la filamu hiyo akapanda ndege kwenda Uganda, na mwishowe akahamia Wakaliga kufanya kazi na Nabwana. Walipoomba dola 160 mtandaoni mwaka 2015 ili kutengeneza filamu nyingine, walichangiwa zaidi ya dola 13,000. Filamu yao Bad Black ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016, na mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa usiku wa manane katika tamasha la Toronto.

Kuna wasiwasi ambao nauheshimu: je, mtazamaji wa Texas anapoicheka kazi ya Wakaliga, hawacheki maskini? Inawezekana kwa baadhi. Lakini itazame Bad Black. Hofmanis anacheza daktari mzungu aliyekuja kusaidia, anaibiwa, na anayemfundisha ukomando ni mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Utani umepangwa na wenyeji, na mgeni ndiye anayechekwa. Hapa Nabwana anatofautiana na Wood na Wiseau. Wiseau alitarajia watu walie, wakacheka. Nabwana anajua helikopta yake inachekesha, na bado mapigano yake ameyapanga kwa bidii ya mtu anayetaka ushtuke kweli. Makusudi na dhati vinakaa pamoja, jambo ambalo Sharknado haikuliweza, kwa kuwa utani wa Wakaliga haudharau picha za mapigano. Unatoka kwa watu waliozipenda tangu utotoni.

Filamu za namna hii hazifai kutazamwa kimyakimya. Ukitaka kuanza, ianze ya Kapteni Alex, inapatikana bure, na uchague toleo lenye VJ Emmie. Waite watu wanne au watano, hasa yule rafiki asiyeweza kunyamaza wakati wa picha, na mpeni ruhusa ya kusema. The Room iache kwa siku mtakapokuwa wengi zaidi, na kabla ya kuiwasha mpitie dukani mnunue vijiko.