Barabara huanza kuharibika mtaroni

Kila masika yakikaribia kwisha, wakazi wa Dar es Salaam hutuuliza sisi wahandisi wa barabara swali lilelile: mbona mashimo yamejaa na mafundi hawaonekani? Ni swali la haki. Mtu aliyeamka alfajiri kuwahi daladala, akafika kazini ametapakaa matope, anastahili jibu. Jibu langu haliko kwenye shimo lenyewe, liko pembeni yake, mtaroni.

Lami ni ngozi tu. Kinachobeba gari ni matabaka yaliyo chini yake: udongo ulioshindiliwa, juu yake moramu, kisha kokoto. Matabaka hayo yakiwa makavu ni imara. Yakilowa hulainika, hata kama kwa juu barabara bado inang'aa. Lami huzuia maji yasipenye kutoka juu, na mtaro huyaondoa kabla hayajaingia kutoka ubavuni. Mtaro ukijaa mchanga na chupa za plastiki, maji hurudi barabarani na kutuama.

Jua la Pwani nalo lina sehemu yake. Likiipiga lami miaka kadhaa, lami hukakamaa na kupata nyufa nyembamba. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye nyufa. Tairi likipita huyakandamiza, nayo huruka nje yakiwa yamebeba udongo laini wa tabaka la chini. Kidogo kidogo chini panabaki uwazi. Nyufa huungana hadi uso wa barabara ukafanana na mgongo wa mamba. Siku lami inapobonyea, watu husema shimo limetokea usiku mmoja, kumbe limechimbika kwa miezi.

Uzito wa magari huharakisha yote haya. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu, ikibebeshwa mzigo mara 2, madhara kwa barabara hukaribia mara 16. Kwa hiyo lori moja la mchanga lililozidisha uzito, likikatiza barabara ya mtaa ili kukwepa foleni, huumiza kuliko maelfu ya bajaji.

Nani anatengeneza? Barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Nyerere, Mandela na Kilwa, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Nyingi za mitaani kwetu ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kuchukua kazi iliyokuwa ya halmashauri. Fedha ya matengenezo hutoka zaidi Mfuko wa Barabara, unaotunishwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo hata abiria wa bodaboda anachangia.

Sasa turudi kwenye shimo. Kumwaga kifusi ndani yake mvua ikiwa inanyesha ni kupoteza fedha: siku chache baadaye kifusi kimeshasombwa na kwenda kuziba mtaro. Fundi anayejua kazi hukata kingo za shimo ziwe mraba hadi afikie lami nzima, huondoa tabaka lililolowa, hushindilia kokoto mpya, hupaka lami nyembamba ya kugandishia, kisha hujaza zege la lami likiwa la moto na kulishindilia. Kila hatua inataka pakavu. Wakati wa mvua tunaweza kutumia lami baridi ili ajali zisitokee, lakini hiyo ni bandeji. Kazi kubwa husubiri miezi mikavu ya Juni hadi Septemba, na mitaro inatakiwa iwe imezibuliwa kabla ya vuli, kisha tena Februari kabla ya masika. Nikilazimika kuchagua kati ya kuziba mashimo kumi na kuzibua mtaro mmoja uliokufa, nazibua mtaro.

Njia za waenda kwa miguu zinaniuma zaidi, kwa sababu ndizo husahaulika kwanza. Zile zilizotandikwa matofali ya pevingi zina faida kubwa: bomba likipasuka chini, matofali huinuliwa, bomba likarekebishwa, yakarudishwa yaleyale. Lakini matofali ya unene wa milimita 60 yametengenezwa kwa miguu ya watu. Gari likiegeshwa juu yake hudidimia, maji hutuama, na mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani kupishana na daladala. Mtu mwenye kiti cha magurudumu hana hata pa kushukia. Mfuniko wa chemba ukiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, mtu asiyeona anaweza kuvunjika mguu. Haya si mambo madogo, katika mji ambao watu wengi mno huenda kwa miguu, au hutembea ili wafike kituoni.

Tatizo jingine ni ukataji wa barabara. Anayetaka kupitisha bomba au nyaya anatakiwa apate kibali kwanza na kuirudisha barabara kama ilivyokuwa, tabaka kwa tabaka. Ukifukia kwa udongo tupu na kupaka lami juu, masika yanayofuata hapo panageuka kuwa mfereji.

Unapotoa taarifa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wakala wa barabara, eleza maji yanatokea upande gani na hutuama muda gani baada ya mvua kukatika. Picha ya shimo inasaidia. Picha iliyopigwa mvua ikinyesha, ikionyesha maji yanakoelekea, inasaidia zaidi, maana humwonyesha fundi mahali pa kuanza kuchimba.