Asiyejiweza si mwenye ulemavu

Beji ilikuwa kifuani mwa kijana mmoja pale uwanja wa Mkunguni, Lamu, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu: bati la duara, pini nyuma, herufi za samawati, TUWAAJIRI WASIOJIWEZA. Nimelisikia neno hili redioni, nikalisikia misikitini na harusini, nikanyamaza. Kwenye beji ya ajira limenishinda.

Mwenye ulemavu ni mtu ambaye mwili, hisi au akili yake ina hitilafu ya muda mrefu, kisha vikwazo vinavyomzunguka (ngazi za nyumba zetu za Lamu, kwa mfano) vikamzuia kushiriki sawa na wenzake. Basi.

Kutojiweza ni jambo jingine. Ukiulizia mgonjwa ukaambiwa "hajiwezi", unajua ni wa kugeuzwa kitandani na kulishwa uji kwa kijiko. Nani atamwajiri huyo? Fundi ninayenunua kofia kwake hasikii tangu utotoni. Hutoboa kitundu, akakizungushia uzi, akahamia kingine, mamia kwa mamia, na bei huitaja kwa vidole. Hashushi. Huyo hajiwezi kwa lipi?

Wako pia wa "vilema". Kilema kwanza ni kasoro yenyewe: ana kilema cha mguu. Baadaye jina la kasoro likamvaa mwenye kasoro, akawekwa ngeli moja na kiti na kisu, ingawa sarufi ilimwonea haya ikamwachia "amekuja". Mlemavu limetoka kwenye kulemaa, kwa mwisho ule ule wa mtulivu na msikivu. Si tusi, ila humgeuza mtu mzima kuwa hali yake, ndiyo maana wengi hupenda "mtu mwenye ulemavu".

Hata Wamarekani, ambao beji hizi za pini zilishamiri kwao tangu kampuni ya Whitehead & Hoag ilipopata hataza mwaka 1896, walihangaika na maneno. Wiki yao ya ajira, iliyowekwa 1945, ilitaja ulemavu wa mwili tu. 1962 wakaliondoa neno "mwili", na 1988 wiki ikawa mwezi wenye jina jipya. Sisi Wakenya tuna Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayotaka mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomdhalilisha.

Kijana wangu, bati ni zuri na pini imeshika. Badilisha WASIOJIWEZA uweke WENYE ULEMAVU. Nimehesabu: imezidi herufi moja tu.