Kelele ya boda boda inatoka ekzosi au tairi? Pima spidi kwanza

Wengi wanaotaka kutengeneza safu ya maikrofoni (maikrofoni nyingi zinazorekodi pamoja ili kuchora picha ya sauti inatoka wapi) huuliza wanunue ngapi. Swali la kwanza liwe: chombo kinachopita kiko wapi hasa kila sauti inapotoka?

Chukua boda boda inayopita Northern Bypass, Kampala, kwa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Mlio wake wa hezi 1,000 hukufikia kama 1,051 ikikujia, na 954 ikikuacha. Ukizijumlisha rekodi za maikrofoni zote kana kwamba pikipiki imesimama, chanzo kinatapakaa picha nzima. Dawa yake ni hii: kwa kila nukta ya pikipiki na kila papo sauti inapotoka, hesabu umbali hadi kila maikrofoni, gawanya kwa 346 (spidi ya sauti, mita kwa sekunde, kwenye nyuzi 25, mwinuko wa Kampala hauibadilishi, joto ndilo huibadilisha), ongeza jibu kwenye papo hilo, kisha soma rekodi kwenye muda huo wa kufika. Muda huo huangukia kati ya sampuli mbili (vipimo viwili vya sauti vinavyofuatana kwenye rekodi), kwa hiyo kadiria thamani ya katikati.

Hesabu hii hutegemea spidi sahihi. Kosa la asilimia 5 kwa sekunde 0.2 husogeza chanzo sentimita 17. Spidomita usiitegemee, mara nyingi husoma juu. Tega miale miwili ya infraredi kukatiza barabara, na ishara zake ziingie kwenye mashine ileile inayorekodi sauti. Maikrofoni zote nazo ziendeshwe na saa moja: kwenye hezi 4,000, kupishana kwa milisekunde 0.1 tu ni karibu nusu ya wimbi, na badala ya kujumlika sauti zinauana.

Safu ya upana wa mita 1, ukiwa mita 5 kutoka njiani, huonyesha chanzo kama doa la upana wa nusu mita kwenye hezi 4,000. Kwenye 1,000 doa ni mita 2, pikipiki nzima! Hapo kinachosaidia ni upana, si wingi wa maikrofoni. Zipange kwa mzunguko wa konokono. Nafasi zilizo sawa huzaa vyanzo vya uongo. Zivike sponji za kuzuia upepo, na kumbuka lami huakisi sauti, hivyo doa lililo chini ya tairi huenda ni mwakisiko tu, si chanzo halisi.

Kabla ya kuamini picha yoyote, funga spika ndogo inayolia kwenye keria, pikipiki ipite kwa spidi mbili tofauti. Spika ikionekana mbele au nyuma ya mahali pake kwa kiasi kilekile kwenye spidi zote mbili, ulikosea kupima mahali pa miale. Kosa likikua pamoja na spidi, ishara ya miale inachelewa au inawahi kuliko sauti.