Mafuta hayaongezi maji kwenye nywele

Mombasa ni kawaida kusikia kwamba nywele kavu zinahitaji mafuta tu. Lakini mafuta hayana maji. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo kwenye nywele yasitoke upesi. Ukipaka mafuta kwenye nywele zilizokauka kabisa, zitang'aa, na ugumu utabaki palepale.

Ukitoka baharini, suuza chumvi kwanza, kausha kwa fulana kuukuu ya pamba, kisha, nywele zikiwa bado na unyevu, paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi ukianzia nchani. Haya hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, hasa yakipakwa kabla ya kuosha. Ya nyonyo, pamoja na sifa zake zote, ni mazito na hukaa juu. Ncha zilizopasuka? Mkasi. Hakuna mafuta yanayoziunganisha.